Ujumbe Baina ya Seva Mbili

Makala haya yanaeleza jinsi programu zilizo katika seva tofauti zinavyopashana habari. Mfano wetu u karibu: mipaka ya Malaba na Busia, ambayo sisi wa upande wa Iyolwa tunaijua kwa malori yake.

Forodha ya Kenya ilianza kutumia mfumo wa Simba mwaka 2005. Uganda ilikuwa na ASYCUDA, uliobuniwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa. Mifumo hiyo haikuelewana. Taarifa za shehena ileile ziliandikwa upya ng'ambo ya mpaka huku lori likingoja, na mzigo uliotajwa kuwa wa Uganda uliweza kushushwa njiani bila kulipiwa ushuru. Ndipo ukaja RADDEx, wa kupitisha taarifa hizo toka seva hadi seva.

Fundi ana njia kuu mbili. Ya kwanza ni mfano wa simu: programu inauliza na kungoja jibu papo hapo. Inafaa kwa swali dogo, kama kuhakikisha namba ya mlipa kodi. Lakini umeme ukikatika upande wa pili, muulizaji naye hukwama. Ya pili ni foleni ya ujumbe: mtumaji huuacha ujumbe mahali pa kati na kuendelea na kazi, mpokeaji akauchukua awapo tayari. (Neno foleni lisimtishe msomaji wa Malaba, hii haimzuii mtu.)

Kwa orodha ya shehena, naona foleni ni bora. Lori hutoka Mombasa na kuchukua siku kufika mpakani, hivyo dakika chache si hoja. Hoja ni ujumbe usipotee. Kwa hiyo foleni ihifadhiwe kwenye diski. Tena, mtumaji asipopata jibu la kupokelewa hutuma mara ya pili, na pasipo namba ya pekee kwa kila ujumbe, shehena moja huhesabiwa mbili.

Tangu Eneo Moja la Forodha lianze mwaka 2014, ushuru wa Uganda hulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Ujumbe wa kuruhusu mzigo usipofika, mfanyabiashara aliyekwisha kulipa hungoja bandarini, na gharama za hifadhi huweza kuongezeka.

Kuna na suala letu la lugha. Upande mmoja ukiandika "uzito" pamoja na makasha, na mwingine bila makasha, ujumbe utafika salama na kusomwa vibaya. Hilo foleni haiwezi kulitibu. Ama lile jibu la kupokelewa, napendekeza wanafunzi wetu wa tafsiri waliite stakabadhi.