Wino Mwekundu Kasongo

Nilipovuka Ziwa Tanganyika kwenda kufundisha Kiswahili Kasongo, nilidhani nimebeba lugha yenyewe. Sokoni niliomba maji, nikauziwa mayi. Hilo nililizoea upesi. Darasani sikuzoea. Kila “mutoto” na “mukate” nilioukuta daftarini niliupigia mstari mwekundu, mpaka kijana mmoja hodari akaacha kabisa kusoma kwa sauti.

Kosa lilikuwa langu. Katika Kibantu cha kale, kiambishi cha ngeli ya 1 na ya 3 ni mu-. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, huiangusha irabu hiyo mbele ya konsonanti: mtoto, mkate. Kingwana, kilichofika Maniema na misafara ya biashara ya karne ya 19 na kukua kati ya lugha kama Kibangubangu cha Kabambare, kina irabu hiyo hadi leo. Basi kijana hakuvunja sarufi. Alifuata kanuni yake bila kuteleza.

Siku hizi ubaoni naandika safu mbili: ya nyumbani na ya mtihani. Kijana yule husoma zote mbili, na ile ya kwanza hunisahihisha mimi.