Muhogo Haungoji Mtu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wapumzike, nataka kuwasimulia muhogo wa Kisarawe.

Muhogo ungali ardhini ni mvumilivu sana. Mkulima wa Maneromango huweza kuuacha shambani miezi kadhaa baada ya kukomaa, akawa anachimba wa kutosha chakula cha siku. Lakini ukishang'olewa, haungoji mtu. Siku ya pili au ya tatu ukiukata unakuta mistari ya buluu na nyeusi. Mwanzoni hata si vijidudu: muhogo wenyewe hujiharibu, kwa kuwa hewa imeingia palipokatika na kuchubuka. Ndiyo maana bibi zetu waliumenya, wakauanika juani, ukawa makopa.

Nyumba yenye friza ina njia nyingine. Muhogo ulionunuliwa leo Maili Moja, pale Kibaha, umenywe leo leo, uoshwe, ukatwe vipande, ukaushwe maji, utiwe kwenye mfuko safi uliokamuliwa hewa, kisha ugandishwe. Utakaa miezi. Siku ya kupika tumbukizeni kwenye maji yanayochemka, barafu yake na yote, uive vizuri. Ndugu zetu walioko London hununua muhogo wa namna hiyo hiyo madukani.

Mtaniuliza, baridi inafanya nini? Vijidudu vinavyoozesha chakula vinahitaji maji na joto. Friza ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, maji yaliyomo kwenye chakula huwa barafu na vijidudu hulala. Hulala, nasema, havifi! Nyama ikiyeyuka na kushinda mezani kutwa nzima, vimeshaamka vikazaana. Kuirudisha kwenye friza hakuisafishi.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mmarekani Clarence Birdseye aliishi Labrador, pwani ya baridi kali ambayo leo ni sehemu ya Kanada. Aliwaona Wainuiti, wenyeji wa huko, wakivua samaki, na samaki akaganda mara tu alipotolewa majini. Akipikwa miezi baadaye, ladha bado ni ya samaki mbichi. Birdseye akaelewa: kinachoganda haraka hupata chembe ndogo za barafu, na kinachoganda polepole hupata chembe kubwa zinazochanachana nyama. Basi gandisheni vifurushi vidogo, bapa: kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa, nazi iliyokunwa, maharage yaliyoiva.

Maharage hasa nayapenda kwa njia hii. Ukichemsha ya wiki nzima kwa mara moja, unaokoa na mkaa, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hapa Kisarawe imeumizwa vya kutosha na wachoma mkaa.

Umeme ukikatika, msifungue mlango wa friza kuchungulia. Iliyojaa hukaa na baridi yake kama siku mbili, iliyo nusu kama siku moja.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 chakula tani bilioni 1.05 kilitupwa duniani, na tani milioni 631 kati ya hizo zilitoka majumbani. Si hotelini wala sokoni, wanangu, ni jikoni kwa watu kama sisi. Basi leo usiku, kabla hamjamwaga kiporo cha maharage, mwambieni mama au baba akipooze upesi, kitiwe kwenye chombo chenye mfuniko, nanyi mwandike tarehe juu yake.