Kabla hujampandisha mtoto Mlima Kenya

Likizo ya Agosti inapokaribia, watoto wa mjini huanza kuuliza watapelekwa wapi. Zamani jibu lilikuwa kwa nyanya mashambani au, kwa mwenye uwezo, Mombasa. Siku hizi yuko pia mzazi anayejibu kwamba wataenda kupanda Mlima Kenya. Ni jibu zuri, na makala haya hayakusudii kumvunja moyo mzazi huyo. Hata hivyo, safari ya siku tano au sita kwa miguu, mkiwa mmebeba chakula na malazi mgongoni, inahitaji matayarisho ya miezi miwili au mitatu, na sehemu kubwa ya matayarisho hayo haiuzwi dukani.

Jambo la kwanza kuelewa ni hewa. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lenana, ambacho ndicho kinachofikiwa na wasafiri wa kawaida, kiko mita 4,985, na huko kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata akiwa ufuoni. Mwili huweza kuizoea hali hiyo ukipewa siku za kutosha. Ukiharakishwa, hupatwa na maradhi ya mwinuko, ambayo kwa kawaida huanza saa chache baada ya kufika kambini: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu. Nguvu za mtu hazimkingi. Mwanariadha huugua na mzee wa miaka 60 akapita salama. Watoto nao huugua kama watu wazima. Tofauti ni kwamba mtu mzima atalalamika kichwa kinamuuma, ilhali mtoto mdogo hana maneno hayo.

Hili nalijua kwa uchungu. Kijana wangu alipokuwa na umri wa miaka minane, tulilala usiku mmoja tu katika kambi ya Old Moses, kisha siku ya pili tukatembea hadi kambi ya Shipton. Jioni alikataa chapati, akajikunyata pembeni ya hema. Mimi nilidhani anadeka. Mwongoza njia wetu alimtazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mzee, huyu mtoto hachezi. Mtoto mzima hata akichoka hurusha mawe." Akamwambia atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kiguse ncha ya kidole cha mguu wa pili. Kijana alipepesuka kama mlevi. Saa mbili za usiku tulianza kuteremka, wapagazi wawili wakimbeba kwa zamu. Alfajiri, tulipokaribia Old Moses, aliomba biskuti. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuombwa biskuti.

Basi dalili za kuangalia kwa mtoto ni hizo: hachezi, hali, analia bila sababu, anatapika, au halali vizuri. Kwa mtoto aliye juu ya mita 2,500, chukulia kwamba ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na msipande hata hatua moja zaidi siku hiyo. Akianza kupepesuka, kusinzia asiamke vyema, kukohoa mfululizo au kuhema hali ameketi, huenda ubongo wake unavimba au mapafu yanajaa maji. Dawa ya hapo ni kuteremka mara moja, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Wala usimngojee hadi asubuhi. Kuteremka mita 500 hadi 1,000 aghalabu huleta nafuu, kisha mpelekeni hospitalini. Panadol inaweza kutuliza kichwa, kwa kipimo cha miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzani wake, lakini kichwa kilichotulizwa kwa dawa si ruhusa ya kuendelea kupanda. Aspirini asipewe mtoto kamwe.

Kosa langu lilikuwa katika ratiba. Ukipita njia ya Sirimon, lango liko mita 2,650 hivi, Old Moses mita 3,300, na Shipton mita 4,200. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni kupanda mita 900 kwa siku moja, ilhali ushauri wa madaktari ni kwamba, ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kwa hiyo mkiwa na mtoto laleni Old Moses siku mbili. Siku ya pili tembeeni juu kidogo mkicheza, mrudi kulala palepale. Kisha gaweni mwendo kwa kulala kambi ya Liki North, iliyo karibu mita 3,990, ndipo mwende Shipton na kupumzika tena. Hata hivyo hatua ya Liki North huvuka kipimo hicho, na ndiyo sababu siku ya mapumziko kabla yake haina mjadala. Lenana ibaki ya ziada. Mtoto aliyeona maziwa madogo ya mlimani na barafu ya asubuhi juu ya nyasi ameshaona mlima. Kwa yule ambaye hajaanza kusema kwa ufasaha, ni salama zaidi asilazwe juu ya mita 3,000 kabisa.

Miezi miwili kabla ya safari, mwone daktari wa watoto. Iwapo katika ukoo wenu kuna ugonjwa wa selimundu, na hasa jamaa za kutoka Pwani na Nyanza na Magharibi, mtoto apimwe damu kwanza. Mwenye selimundu hapaswi kupelekwa mlimani, kwa maana upungufu wa oksijeni waweza kuzifanya chembechembe zake za damu zizibe mishipa. Mwenye pumu anaweza kwenda ikiwa hali yake imetulia, dawa yake ya kuvuta ikiwa katika mfuko wa mzazi wala si kwa mpagazi aliyetangulia. Mtoto aliye na mafua makali au kikohozi wiki ya safari abaki nyumbani, kwani kifua kilichokwisha kuugua hujaa maji upesi zaidi. Na ikiwa mmetoka Kisumu au Kilifi karibuni, homa ikizuka njiani usiseme ni baridi tu. Yaweza kuwa malaria aliyokuja nayo mwilini. Teremkeni akapimwe.

Mazoezi yaanze karibu na nyumbani. Jumamosi mbili au tatu katika msitu wa Karura, kisha vilima vya Ngong, kisha Longonot, ambao kilele chake kiko mita 2,776. Mtoto avae viatu vilevile atakavyopandia mlima na abebe shanta yake mwenyewe. Viatu vipya ndivyo huleta malengelenge, na lengelenge moja laweza kuharibu safari iliyogharimu mshahara wa mwezi. Shanta ya mtoto isizidi sehemu moja ya kumi ya uzani wake. Mwenye kilo 25 abebe kilo mbili na nusu tu: sweta, koti la mvua, chupa ya maji, biskuti na filimbi ya kupuliza akipotea. Mengine yabebwe na wakubwa na wapagazi, ila hakikisheni mtu mmoja mwenye nguvu ana mzigo mwepesi kila siku, maana huenda akalazimika kumbeba mtoto.

Kuhusu mavazi, fulana na suruali za pamba huloa jasho zikakaa na ubaridi. Sufi ni bora, hata sweta kuukuu la mtumba. Usiku huko Shipton maji huganda. Mtoto mchanga anayebebwa mgongoni yumo hatarini zaidi, kwani wewe unatembea na kupata joto na yeye ametulia tu, miguu ikining'inia. Gusa tumbo na miguu yake kila mara. Mtoto anayetetemeka avuliwe nguo mbichi na apewe kinywaji cha moto. Aliyeacha kutetemeka huku bado ni baridi na anaongea kilevi ana hali mbaya zaidi. Mchana jua la ikweta huchoma hata kukiwa na mawingu, kwa hiyo kofia isisahaulike.

Maji ya vijito yachemshwe. Huko juu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, Shipton yapata nyuzi 86, kwa hiyo yaachweni yatokote dakika tatu. Kwa sababu hiyohiyo msijisumbue kubeba maharagwe makavu wala githeri mbichi, mtamaliza mafuta ya stovu vikiwa bado vigumu. Uji, tambi, viazi na chapati zilizokwisha kupikwa vinafaa. Akiharisha, mpe maji safi lita moja yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo.

Aprili na Novemba ni miezi ya mvua, hivyo likizo ya Agosti ndiyo afadhali. Na mnapokodi mwongoza njia na wapagazi, elewaneni malipo yatakavyokuwa mtoto akiugua na nusu ya kundi ikabidi iteremke: ni nani atateremka naye, nani atabaki na wengine, na siku ambazo hazikutembewa zitalipwa vipi. Yazungumzwe langoni mchana, kila mtu akisikia, mtoto naye akiwepo.