Dumu la Mawese na Vizio vya Densiti

Mkoa wa Kigoma unajulikana sana kwa michikichi yake. Tuseme mfanyabiashara wa Kalinzi, kwenye vilima vya kahawa kaskazini ya mji wa Kigoma, ameagiza kilogramu 20 za mawese kutoka mwambao wa ziwa, naye muuzaji akampelekea dumu moja la lita 20, limejaa mpaka mdomoni. Je, amepata alichoagiza? Wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa wamezoea kusema kwamba lita moja ni kilo moja. Usemi huo unafaa kwa maji, wala haufai kwa mafuta.

Densiti ya kitu ni tungamo lake likigawanywa kwa ujazo wake. Densiti ya mawese yaliyopashwa moto hadi nyuzi 50 za sentigredi ni karibu gramu 0.89 kwa kila sentimeta ya ujazo. Lita moja ina sentimeta za ujazo 1,000. Hivyo lita moja ya mawese hayo ina gramu 890, na dumu zima lina kilogramu 17.8. Mnunuzi amepunjwa kilogramu 2.2, pengine pasipo mtu yeyote kukusudia hila. Kama angetaka kilogramu 20 kamili, angehitaji lita 22.5, ambazo haziingii katika dumu hilo.

Katika vitabu vya fizikia densiti hiyo hiyo huandikwa kilogramu 890 kwa meta ya ujazo. Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Hukumbuka kwamba meta moja ina sentimeta 100, wakasahau kwamba meta ya ujazo ina urefu, upana na kimo. Basi ina sentimeta za ujazo 100 × 100 × 100, yaani 1,000,000. Kila moja ikiwa na gramu 0.89, jumla ni gramu 890,000, ambazo ni kilogramu 890. Ndiyo sababu tunazidisha kwa 1,000, si kwa 10 wala kwa 100. Anayeelewa hesabu hii hana haja ya kukariri kanuni.

Vitabu vya zamani vina ratili na galoni. Debe la mafuta ya taa lilikuwa na galoni nne za Kiingereza, karibu lita 18.2. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliiweka galoni hiyo iwe ujazo wa ratili 10 za maji. Kwa hiyo debe la maji lilikuwa na ratili 40, nalo debe la mawese yetu ya moto lingekuwa na ratili 35 na nusu hivi. Mwalimu atakayekuta katika kitabu cha Kimarekani kwamba galoni ya maji ina ratili 8.3 asidhani kuwa ni kosa la chapa: galoni ya Marekani ni ndogo, lita 3.785 tu. Kwa futi ya ujazo, maji yana ratili 62.4.

Mara nyingine kizio hakihitajiki kabisa. Matunda ya kahawa yakitiwa ndani ya maji, yaliyokomaa vema huzama, na yaliyo matupu au yaliyotobolewa na wadudu huelea, yakaenguliwa. Maji yenyewe ndiyo kipimo.

Jotoridi nalo lizingatiwe. Mawese yakipoa husinyaa. Dumu lililojazwa mafuta ya moto litaonekana limepungua asubuhi ya baridi ya vilimani, ingawa tungamo halikubadilika hata gramu moja. Kwa sababu hiyo mizani ni hakimu mwema kuliko dumu.

Darasani panatosha chupa moja na mizani. Pimeni chupa tupu, kisha ikiwa imejaa maji, kisha ikiwa imejaa mawese. Ondoeni tungamo la chupa katika vipimo viwili vya mwisho, halafu gawanyeni tungamo la mawese kwa tungamo la maji. Rudieni kwa mizani ya ratili, mkiipata, na mlinganishe majibu.