Kutoka Lumemo hadi Mafia: Kupanga Likizo ya Mbuga na Bahari

Likizo inayounganisha mbuga za wanyama na fukwe za bahari huuzwa ughaibuni kwa mpango ambao haubadiliki sana: ndege hadi Kilimanjaro, siku chache Serengeti na Ngorongoro, kisha ndege nyingine hadi Unguja. Mpango huo ni mzuri kwa mgeni asiye na kwao Tanzania. Kwa Mtanzania aishiye Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, na hasa yule ambaye wazee wake wako Lumemo, Ifakara, Mang'ula au Mlimba, una kasoro kubwa, kwani humgharimu fedha nyingi ili kumpitisha mbali na nyumbani, ilhali Bonde la Kilombero lenyewe limezungukwa na hifadhi, na maji yake ndiyo yanayorutubisha sehemu tajiri kuliko nyingi katika pwani ya Afrika Mashariki.

Jiografia ya jambo hili inastahili kuelezwa kwa utulivu. Mto Lumemo huteremka kutoka Milima ya Udzungwa, hupita kando ya mji wa Ifakara, ambako wakazi wanaujua vyema kwa mafuriko yake ya masika, kisha huingia katika Mto Kilombero. Kilombero nao hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli, na hapo ndipo Mto Rufiji unapozaliwa, huku zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yakiwa yametoka Kilombero. Tangu Desemba 2022, lilipoanza kujazwa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, maji hayo hutua kwanza bwawani, ndipo yaendelee hadi kwenye delta, yaani eneo ambalo mto hugawanyika matawi mengi kabla ya kufika baharini. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote katika Afrika Mashariki, ndimo kamba wanamokulia, na mbele yake ng'ambo ya mkondo wa bahari kiko Kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo familia inayotoka Lumemo kwenda Mafia hufuata maji yale yale kutoka mlimani hadi baharini, na watoto waliozaliwa ughaibuni wanaweza kuelezwa jambo hilo wakiwa njiani.

Kituo cha kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 1,990, na ambayo geti lake kuu liko Mang'ula, katika barabara ya lami itokayo Kidatu kwenda Ifakara. Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, mfululizo wa milima ya kale yenye misitu iliyodumu kwa mamilioni ya miaka ikipokea mvua kutoka Bahari ya Hindi, na ndiyo sababu ina viumbe wasiopatikana kwingineko duniani, wakiwemo mbega mwekundu wa Udzungwa na nyani mdogo wa Sanje, ambaye wenyeji walimwita ngolaga muda mrefu kabla wanasayansi hawajamtambua mwaka 1979. Ndani ya hifadhi hii hakuna barabara za kuzungukia kwa gari. Mgeni hutembea kwa miguu akiongozwa. Njia inayopendwa zaidi huelekea kwenye maporomoko ya Sanje, yanayoanguka kwa hatua kadhaa kwa jumla ya mita 170 hivi, na mtembeaji aliye kimya atasikia mabawa ya hondohondo yakivuma juu ya miti kabla hajamwona ndege mwenyewe. Asubuhi nzima inatosha kwa njia hiyo, mradi viatu viwe vya kushika ardhi, kwa sababu njia huteleza hata siku isiyo na mvua.

Kutoka Mang'ula hadi Ifakara ni mwendo mfupi, na Ifakara ina mengi kuliko mchele na samaki ambao wengi huukumbukia mji huo. Bonde la Kilombero liliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu uliotiwa saini katika mji wa Ramsar nchini Iran mwaka 1971. Ardhioevu ni ardhi inayofunikwa na maji kwa sehemu ya mwaka au mwaka mzima. Humo huishi sheshe, swala wa rangi ya hudhurungi apendaye nyasi za kandokando ya maji, ambaye zamani ilikadiriwa kuwa robo tatu ya jamii yake yote duniani ilikuwa katika bonde hili, na ambaye amepungua kwa kiasi cha kusikitisha kadiri mashamba na mifugo vilivyoongezeka. Mahali rahisi pa kuanzia ni Kivukoni, chini ya Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018 na kumaliza utegemezi wa kivuko ambacho mwaka 2016 kilipinduka mtoni. Katika matete ya ukingo huo husuka viota vyake mnana wa Kilombero, ndege wa manjano ambaye dume lake lina uso mweusi, aliyetambuliwa rasmi mwaka 1990 na asiyepatikana nje ya bonde hili. Watazamaji wa ndege husafiri kutoka mabara mengine kumtafuta, na si vizuri mtoto wa Ifakara arudi ughaibuni bila kumjua.

Hapa panafaa kutajwa kiumbe mwingine wa bonde, ingawa si wa kutembelewa kirahisi. Chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba, aligunduliwa mwaka 1996 katika ukungu wa maporomoko ya Mto Kihansi, mto ambao nao humwaga maji yake Kilombero. Ujenzi wa mtambo wa umeme ulipopunguza ukungu huo, vyura takriban 500 walipelekwa Marekani na kuzalishwa katika bustani za wanyama, wakatangazwa mwaka 2009 kuwa wametoweka porini, kisha uzao wao ukaanza kurejeshwa nchini. Wasomaji wanaolea watoto mbali na nyumbani watauelewa uzito wa habari hiyo.

Kwa wale wanaotaka tembo, simba na twiga, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yenye kilomita za mraba 3,230, iko njiani kati ya Ifakara na Dar es Salaam, na mji wa Mikumi hauzidi sana kilomita 100 kutoka Ifakara. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, ni kubwa zaidi na hutoa safari za boti katika Rufiji, penye viboko na mamba. Anayeingilia geti la Mtemere hupita Kibiti na Mloka, na katika Wilaya ya Kibiti hiyo hiyo barabara hushuka hadi Nyamisati, ambako vyombo huvuka kwenda Kilindoni, Mafia. Wasiopenda mawimbi hupanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, lakini ndege hizo kwa kawaida huruhusu mizigo ya kilo 15 hivi, hivyo masanduku ya zawadi yawe yameshaachwa Lumemo.

Mafia ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, matumbawe ya Ghuba ya Chole, na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiye na madhara kwa binadamu kwani hula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Unguja inabaki kuwa chaguo zuri kwa wenye watoto wadogo na wanaopenda mji wa kale, ila mwenye kuchukua hoteli ya pwani ya mashariki ajue kwamba wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali sana na kuogelea huwa kwa saa chache tu.

Suala la msimu ndilo gumu kuliko yote. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufurika bonde na kuharibu njia za mlimani, kwa hiyo hayafai. Julai na Agosti, miezi ya likizo za shule Ulaya na Marekani, bonde ni kavu na wanyama huonekana vizuri, lakini upepo wa kusi huchafua bahari na potwe hawajafika, ingawa nyangumi hupita pwani wakati huo. Potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Kwa familia isiyofungwa na ratiba ya shule, Oktoba ndio mwezi bora bila shaka: bonde bado ni kavu, kusi imelegea kuelekea tanga mbili, kipindi cha utulivu kati ya kusi na kaskazi, na potwe wanaanza kuwasili.

Nyaraka nazo zina gharama zake. Viingilio vya hifadhi za taifa hutofautiana kati ya raia wa Tanzania, mgeni mkazi na mgeni asiye mkazi, na tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni kubwa mno. Kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, aliyechukua uraia wa nchi nyingine huhesabiwa getini kuwa mgeni hata kama alizaliwa Lumemo, kwa kawaida huhitaji viza, na tangu Oktoba 1, 2024 hutakiwa kulipa bima ya safari ya dola 44 anapoingia Zanzibar. Bajeti ya familia yenye pasipoti za aina mbili ipigwe kwa kila jina.

Afya isichukuliwe kwa mazoea. Kinga ya malaria ambayo mtu huijenga kwa kuishi bondeni hupungua akikaa nje miaka mingi, na watoto waliozaliwa ughaibuni hawana kabisa. Wahamiaji wanaokwenda kusalimia ndugu ndio sehemu kubwa ya wagonjwa wa malaria wanaolazwa Ulaya baada ya safari, kwa sababu wengi wao hawamezi dawa za kinga wanapokuwa katika nyumba walikokulia. Dawa hizo ziombwe kwa daktari kabla ya safari, chandarua kitumiwe kila usiku, na homa yoyote ya baada ya kurudi ipimwe siku hiyo hiyo huku daktari akiambiwa mgonjwa alikuwa wapi.

Mpangilio wa siku ufuate adabu ya nyumbani: kwanza kuwasalimia wazee Lumemo, kisha Udzungwa na Kivukoni, halafu Mikumi au Nyerere, na bahari iwe ya mwisho. Kwa kuwa kiingilio cha raia ni kidogo, kuwapeleka bibi, wajomba na watoto wao hadi geti la Mang'ula hugharimu kidogo kuliko usiku mmoja wa mgeni katika hoteli ya Unguja. Wasomaji wanaokusudia kusafiri Oktoba waanze mipango sasa, na katika orodha ya wasafiri waandike pia majina ya ndugu wa Lumemo ambao kila asubuhi huitazama Milima ya Udzungwa kutoka uani na hawajawahi kuipanda.