Pensheni ya Marekani: Ukihama Jimbo, Ushuru Unalipa Wapi?

Aprili ikikaribia, swali moja huturudia kutoka kwa wateja walio na jamaa ughaibuni: "Mama alifanya kazi Minnesota, sasa anaishi Texas. Pensheni yake ndogo bado inatoka Minnesota. Lazima ajaze ritani huko pia?"

Kwa kawaida, hapana.

Hapa nyumbani tumezoea KRA, ritani moja kabla ya Juni 30 basi. Marekani kuna ushuru wa serikali kuu, halafu majimbo mengi yanatoza wa kwao juu yake. Zamani baadhi ya majimbo yaliwaandama wastaafu hata baada ya kuhama. Sheria ya mwaka 1996 ilikomesha hayo: jimbo haliwezi kutoza ushuru pensheni ya mtu ambaye si mkazi wake tena, hata kama aliichuma huko. Akaunti za 401(k) na IRA zimo pia. Mwenye haki ya kutoza ni jimbo unaloishi sasa, na Texas haina ushuru wa mapato kwa mtu binafsi. Serikali kuu, hiyo haikuachi.

Sasa pesa hupotelea wapi? Kwenye makato. Mlipaji pensheni akibaki na anwani ya zamani, anaweza kuendelea kukata ushuru wa Minnesota mwezi baada ya mwezi bila mtu kugundua. Tuseme mama anapata dola 200 na zinakatwa 10. Kwa mwaka ni dola 120, na hiyo si pesa ya kuachia mtu.

Mwambie atoe fomu 1099-R, ile hutumwa mwanzo wa mwaka, aangalie kisanduku cha 14. Hapo ndipo ushuru wa jimbo uliokatwa huandikwa. Kukiwa na kiasi cha Minnesota, basi atajaza ritani ya Minnesota ya asiye mkazi, si ya kulipa bali ya kudai arudishiwe. Kisha amwandikie mlipaji abadilishe anwani na asimamishe makato, la sivyo mwakani ni mchezo ule ule.

Kuna mitego miwili. Mwaka wenyewe wa kuhama, pensheni iliyoingia kabla hajaondoka bado inahesabiwa Minnesota. Na kama aliacha nyumba ya kupangisha huko, sheria ya 1996 haimkingi: kodi anayolipwa na mpangaji ni mapato ya Minnesota, hata akiishi wapi.