Haki ya Njia: Mvutano wa Barabara Kisii na Nyamira

Wahenga walisema penye nia pana njia. Huko Kisii na Nyamira nia zipo tele. Njia ndiyo isiyotosha.

Barabara kuu itokayo Isebania, mpakani mwa Tanzania, kwenda Kisumu imeukata mji wa Kisii katikati. Lori la safari ndefu, matatu ya Keroka, bodaboda, mkokoteni na mama mwenye fungu lake la mnavu, wote wagombea lami hiyo hiyo moja. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na 605,576 katika Nyamira. Nchi ni ya vilima na mashamba ni vipande vidogo. Asiyetosheka na shamba hushuka mjini, na riziki huitafuta kando ya njia.

Basi ikitolewa amri ya kuwaondoa wachuuzi, kuhamisha steji au kufunga kipande cha barabara, watu hugawanyika. Mwenye duka asema mlango wake umezibwa na meza za watu. Mchuuzi auliza: nikipelekwa pasipopita mtu, nitamwuzia nani? Dereva naye alia kwamba steji ya mbali humkimbiza abiria. Hakuna mwongo hata mmoja hapo.

Sheria nayo ina pande mbili. Katiba ya 2010 imezipa kaunti barabara zao, usafiri na maegesho, bali barabara kuu za kitaifa zimebaki kwa serikali ya taifa. Keroka ndiko kwenye uzito zaidi, kwani mji umekaa mpakani, na kaunti mbili zimeugombania pamoja na ushuru wake. Ukifunga upande huu, msongamano wahamia upande ule, na senti za ushuru zaufuata.

Nairobi ilikwisha kuonja. Tarehe 3 Disemba 2018 matatu zilikatazwa kuingia katikati ya jiji. Wazee na wenye mizigo wakatembea mwendo mrefu, vilio vikazidi, na amri ikasimamishwa upesi. Wako watakaosema, mbona mitaa ya mji wa kale wa Lamu haina magari na watu waishi? Kweli, lakini Lamu ilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda wake. Kisii imekua juu ya barabara.

Sisi tuliosoma chuoni twakumbuka hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri. Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Wakajibu kwamba hawana budi, ndipo wanapokutana na kuzungumza. Hakuwafukuza. Aliwaambia, ikiwa lazima, waipe njia haki yake. Na katika haki hizo akataja kujizuia na kuwaudhi watu.

Hapo pana mizani. Mchuuzi asizibe njia ya mgonjwa aendaye hospitali. Na mkubwa asimwambie mtu aondoke kabla hajamwonyesha pa kwenda: soko lenye maji na kivuli, na steji iliyo karibu nalo ili wanunuzi wafike. Yakitangulia hayo, amri itafuatwa bila rungu. Yasipotangulia, meza zitakazoondolewa asubuhi zitarudi jioni, maana njaa haina amri.